Makopo Mawili ya Shimo la Mia Nne

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nane Novemba, mwaka elfu mbili ishirini na tano, saa kumi na mbili na dakika ishirini za asubuhi, anga la Haneti likiwa kavu kama ngozi iliyowambwa, upepo wa mashariki ukipeperusha vumbi jekundu, na wingu moja tu, dogo, lisilo na ahadi, likining'inia juu ya vilima, Gerson mwana wa Elisha, wa ukoo wa Chilongani, alisimama ukingoni mwa shimo akaliona kuwa ni tupu.

Tueni mizigo yenu, enyi mpitao njia ya Haneti! Zimeni redio, wafungeni mbwa, waambieni wanaotwanga wapumzishe michi. Wako watakaowasimulia habari za wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka mito yenye mamba. Waacheni waendelee. Habari hii ni kubwa kuliko hizo, kwa maana ngome ikibomolewa watu hula vilevile, ilhali shimo la mia nne lisipojaa, mtu hununua unga.

Fahamuni kwanza chanzo cha vita. Mwezi wa kumi, Devota, afisa ugani wa kata, ambaye wazee wangali wanamwita bibi shamba, aliwakusanya wakulima akawatangazia sheria. Kila ajiandikishaye achimbe, katika pembe ya shamba lake, mashimo mia nne: mistari ishirini, kila mstari mashimo ishirini, kina cha rula moja, upana wa shibiri. Kila shimo litiwe makopo mawili ya samadi iliyooza, ili tone la mvua likianguka lisikimbilie korongoni, bali lishuke, likae, likutane na chakula cha mmea. Atakayetimiza, shamba lake litakuwa shamba darasa la kitongoji, naye atapewa mbegu bora ya mtama ya kutosha ekari nzima. Atakayepungukiwa hata shimo moja, zamu yake itakwenda kwa jina linalofuata, na mwenye jina hilo atapewa wiki mbili za kuchimba ya kwake.

Jina la kwanza lilikuwa la Gerson. Jina lililofuata lilikuwa la Filipo, shemeji yake, kaka wa mkewe, bingwa wa kuberega katika kitongoji kizima. Yaani mtu afyekaye, achomaye mabua hadi majivu, kisha apandaye juu ya ardhi isiyoguswa na jembe, akamwachia Mungu kazi iliyobaki. Filipo hakuwa amechimba hata shimo la kuku kuoga vumbi. Alikuwa akingoja tu, kama fisi angojavyo mwenye nyama ajikwae.

Wala Gerson hakuwa akipigania sifa peke yake, ingawa sifa nayo aliipenda. Mwaka uliotangulia, ekari yake ilimpa gunia moja na madebe mawili ya mtama. Kufikia mwezi wa nane, Lydia mkewe alikuwa tayari anabeba kikapu kwenda senta kununua unga, na alipokuwa akirudi hakusema neno. Gerson, aliyewahi kuwa kaka mkuu katika shule ya bweni na aliyeweza kuyastahimili maneno ya mtu yeyote, hakuuweza ukimya ule. Hivyo akachimba. Siku thelathini na mbili akachimba kwa kengele: saa kumi na moja na nusu kuamka, saa kumi na mbili kupanga mstari, ingawa mstarini alikuwa peke yake. Samadi ya mbuzi wake akaipima kwa kopo la rangi la lita moja, akisawazisha kila kopo kwa kijiti kama karani apimaye dhahabu ya serikali. Alikuwa ameyahesabu lundoni makopo mia nane kamili. Mashimo mia tatu tisini na tisa yalikuwa yamejaa. Na la mia nne likamkodolea macho.

"Baba Elisante," akaita Lydia kutoka jikoni, "umesimama hapo kama mlingoti wa bendera. Kuna nini?"

"Mama Elisante, toka nje na usikilize kwa utulivu. Jeshi limepungukiwa makopo mawili. Mimi nilihesabu mia nane. Mia nane hazipungui zenyewe. Ama hesabu imekufa duniani, ama kuna mkono."

Lydia akatoka akifuta mikono kwa kanga. Akautazama mkono wake mmoja, kisha mwingine.

"Nilitia kwenye mchicha," akasema.

"Kiasi gani?"

"Kopo mbili. Ulikuwa unanyauka, baba Elisante. Nawe mchicha huo umeula juzi na jana, ukaniambia umenoga."

Hakika mchicha ulikuwepo nyuma ya jiko, wa kijani kibichi, mnene, usio na aibu. Gerson akautazama kama mfalme amtazamaye mwana aliyemsaliti, halafu akakumbuka kwamba ni kweli ulinoga, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakuweza kuhukumu alichokila.

"Haya," akasema Lydia, "kwani tatizo liko wapi? Lile pale. Chota."

Akaonyesha kidole. Nanyi mnaosikia, ondoeni kofia, maana sasa tunalifikia jambo lililokuwa jipya katika sheria za watu wa uwanda huu.

Hatua thelathini kutoka shimo la mia nne lilisimama lundo. Lilikuwa lundo la samadi ya ng'ombe, lenye kimo cha mtu mzima, lililooza miaka miwili hadi likawa jeusi na laini kama unga wa kahawa. Mlima ambao mkulima mwingine angeuota usingizini akatabasamu. Halikuwa la Gerson. Lilikuwa limetoka kwa ng'ombe wa kufugishwa, ambaye mwenyewe ni Bi Mwanne binti Seleman, mwenye duka katika senta ya Haneti, mjukuu wa wafanyabiashara waliokuja bara na misafara na hawakurudi pwani. Desturi ya kufugishana ng'ombe inajulikana tangu mababu: maziwa ni ya mlishaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa, ngozi hurudishwa ili iwe shahidi. Hapo desturi hunyamaza. Kuhusu kinachoanguka nyuma ya ng'ombe, mababu hawakutamka lolote, kwa sababu zama zao hakuna aliyekitaka.

Mtu mwingine angelitafsiri kimya hicho kwa manufaa yake. Gerson alikitafsiri kwa utii. Kila alfajiri, kwa miaka miwili, alizoa alichoangusha ng'ombe yule akakiweka kando, mbali na lundo la mbuzi wake, akakizungushia miba, akingoja siku ambayo jambo hilo lingejadiliwa na pande zote mbili.

"Mama Elisante," akanena, na kifua chake kikapanda, "makubaliano yana vifungu vitatu: maziwa, ndama, ngozi. Nionyeshe kifungu cha nne na nitachota kwa mikono yote miwili. Huna. Basi lundo lile ni mali ya mtu, na mali ya mtu haichotwi kwa sababu tu imekaa karibu."

"Ni kinyesi, baba Elisante."

"Ni mali isiyogawanywa."

"Bibi shamba anakuja saa nne."

"Aje. Atanikuta na shimo tupu na mikono safi."

"Mikono safi hailiki na mlenda," akasema Lydia, akarudi jikoni.

Neno hilo lilimchoma mahali pasipo ngao. Akasimama kitambo, upepo ukimpigapiga shati, kisha akakata shauri: ataomba. Naye ataomba kwa maandishi, kwa kuwa mambo ya mali huandikwa. Akachukua simu yake, akaelekea kwenye kichuguu.

Kichuguu kile kilichosimama mpakani mwa shamba ndicho mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao. Mchwa walikijenga kwa vizazi kadhaa, kirefu kupita paa la nyumba. Gerson akakipanda akishika mizizi kwa vidole, kokoto zikiporomoka nyuma yake kama majeshi yaliyokata tamaa, hata akafika kileleni, akainua simu kuelekea mbinguni, nayo ikapata vistari viwili.

Hapo akakutana na adui ambaye hakumtarajia, naye alikuwa neno. Aliite nini lile lundo? Akiliita samadi, atakuwa amekwisha kulipangia kazi ya shamba kabla ya mwenye mali kuridhia, na huo ni ujanja wa mawakili. Na lile neno jingine, fupi, la silabi mbili, halikuwa limetoka kinywani mwake tangu kidato cha pili, alipolitamka bwenini, na mwalimu wa zamu akamwamuru asukutue kinywa kwa sabuni ya kufulia mbele ya wenzake. Asingeweza kumwandikia mama wa watu neno kama lile. Basi akamtaja ng'ombe. Na ng'ombe yule, kwa doa jeupe usoni mwake lililofanana na povu, Lydia alikuwa amempa jina la Sabuni.

Akaandika:

"KUMB. NA. GEC/SHB/01/2025. YAH: OMBI LA MAKOPO MAWILI. Husika na somo tajwa hapo juu. Kwa heshima naomba makopo mawili ya mali yako itokayo kwa Sabuni, kwa matumizi ya haraka, kabla ya saa nne kamili leo. Nitarejesha. Wako mtiifu, G. E. Chilongani."

Sasa, Bi Mwanne alimjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa umri na kwa thamani, lakini hakupata kuambiwa kwamba ana jina. Naye alikuwa mwenye duka. Na katika duka lake, mkono wa kulia wa mlango, lilikaa pipa la sabuni ya maji, ambayo watu wa Haneti huinunua kwa kopo. Jibu likarudi kabla Gerson hajashuka:

"Sawa baba Elisante nimekuelewa. Zinakuja na boda."

Akashuka kichuguuni kama mtu aliyeshinda. "Zinakuja," akamwambia Lydia. Lydia akalitazama lundo hatua thelathini kutoka pale, akajiuliza kimoyomoyo kitakuja kitu gani na kutoka wapi. Lakini ndoa yao ilikuwa ya miaka thelathini na minne, na kuna maswali aliyokwisha kuyastaafisha.

Saa tatu ilipopita, Filipo akatokea kwenye uchochoro wa minyaa, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo, akitembea kama mtu aliyekuja kupokea urithi.

"Mbukwa, shemeji!"

"Mbukwa."

"Nimesikia kuna shimo lina njaa."

"Nani kakwambia?"

"Dada yangu ana mdomo, nami nina masikio. Shemeji, nikupe ushauri wa bure? Jaza udongo, tupia samadi kiganja kimoja juu, funika na manyasi. Mashimo mia nne, bibi shamba ana macho mawili. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hutoi mbegu."

"Filipo," akasema Gerson, na sauti yake ikawa ile ya paredi ya Jumatatu, "mtu achomaye shamba lake mwenyewe kila mwaka, kisha akaulalamikia upepo kwamba umekuja kuchukua majivu, asinifundishe namna ya kujaza shimo. Wewe ardhi yako umeifanya jivu. Mimi yangu nailisha. Kama leo nitashindwa, nitashindwa nikiwa na mashimo mia tatu tisini na tisa ya kweli, na wewe utashinda ukiwa na sifuri ya kweli."

"Sifuri yangu itapata mbegu," akasema Filipo, akaketi juu ya jiwe.

Saa tatu na nusu, pikipiki ikaunguruma. Alikuwa Imrani, dereva wa bodaboda wa pale senta, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga ndoo kwa mpira wa baiskeli kwa uangalifu kama aliyebeba mayai. Gerson akaipokea kwa mikono miwili. Akafunua.

Ndani kulikuwa na sabuni ya maji, ya kijani, makopo mawili, yenye harufu ya limao.

Historia ina saa zake za ukimya. Hata mbuzi waliacha kutafuna. Kisha Filipo akaanguka kutoka kwenye jiwe, akagaagaa mavumbini akicheka.

"Shemeji! Unaenda kuogesha shamba! Utalipaka na mafuta baadaye?"

"Kuna tatizo, mzee?" akauliza Imrani. "Bi Mwanne kasema ni makopo mawili, kayapima mwenyewe."

Lydia akaipokea ndoo, akaiingiza ndani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Na kabla Gerson hajapata neno, vumbi jingine likainuka njiani, na Devota akaingia na pikipiki ya kazi, nusu saa kabla ya saa aliyotaja, kwa kuwa mvua ilikuwa karibu na kata ilikuwa na vitongoji vingi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," wakaitika wote wawili, na Filipo naye, akiwa bado chini.

"Sitaketi, samahanini, leo nina vitongoji vitatu. Nianze kuhesabu?"

Gerson angeweza kusema subiri. Lakini kaka mkuu hasemi subiri mbele ya ukaguzi. "Anza," akasema, "mstari wa kwanza ni ule wa juu." Devota akachukua kijiti chenye alama, akainama kwenye shimo la kwanza, akachoma, akatazama, akasogea. Filipo akajitia ukarani, akamfuata nyuma akihesabu kwa sauti ya mnada.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Ndipo Gerson mwana wa Elisha alipokimbia. Miaka sitini na mitatu ilikimbia pamoja naye, na magoti yote mawili yakalalamika kama mawaziri wasioshauriwa. Akakipanda kichuguu mara ya pili, akateleza, akapanda tena, suruali ikachanika goti; akafika kileleni akihema kama mvukuto, akapiga simu. Chini Filipo alikuwa amefika mia moja na sitini.

"Bi Mwanne! Habari za asubuhi."

"Nzuri, baba Elisante. Sabuni imefika?"

"Imefika, ahsante. Ila siyo Sabuni hiyo."

"Ulitaka ya mche?"

"Sikutaka ya mche, Bi Mwanne. Namsema Sabuni mwenye miguu minne."

"Baba Elisante, umeamka salama huko?"

"Ng'ombe wako! Anaitwa Sabuni."

"Nani kampa ng'ombe wangu jina la bidhaa?"

"Mia mbili na arobaini!" ikapanda sauti ya Filipo.

"Hilo tutalizungumza. Bi Mwanne, naomba kwa heshima kile ambacho, baada ya malisho, kwa utaratibu wa maumbile, ng'ombe huyo..."

"Maziwa? Maziwa si ni yako? Tulikubaliana siku ile ile."

"Siyo maziwa."

"Kazaa?"

"Hajazaa."

"Kafa! Ng'ombe wangu kafa, nawe unanizungusha!"

"Hajafa! Yu hai, anatafuna!"

"Sasa unataka nini, baba Elisante? Nina wateja."

"Nataka kile kilichobaki nyuma..."

"Mkia?"

"Mia tatu na ishirini!"

Simu ikatoa mlio wa kuonya kwamba salio linakata roho. Akatazama chini. Akamwona Devota ameinama mstari wa kumi na saba. Akamwona Lydia mlangoni, mkono mmoja kiunoni, akimtazama, kimya, kwa ukimya uleule wa mwezi wa nane, wa kikapu na unga. Naye Gerson, mlinda vipimo, asiyeruka foleni, aliyetunza kinywa chake tangu kidato cha pili, akajaza kifua upepo wote wa mashariki, akanguruma:

"MAVI! BI MWANNE, NAOMBA MAVI YA NG'OMBE WAKO!"

Neno likaruka kutoka kileleni, likapiga vilima vya Haneti, likarudi. Kanga wakapuruka vichakani. Devota akainua kichwa. Imrani, aliyekuwa anawasha pikipiki, akaizima ili asikose kitakachofuata.

Kwenye simu kicheko cha Bi Mwanne kikaanza kidogo kidogo kama maji yanayochemka. "Hayo ndiyo uliyoyaandikia barua yenye kumbukumbu namba?"

"Ndiyo hayo."

"Chota! Chota yote, baba wewe, chota hadi..."

"Makopo mawili tu! Na ni mkopo!"

Simu ikakatika. Lakini ruhusa ilikuwa imetoka, na mashahidi walikuwa wengi kuliko ilivyohitajika.

Sasa mtazameni, maana hamtaona tena mbio kama zile! Alishuka kichuguu kwa makalio. Akaing'oa miba ya lundo kwa mikono mitupu. Akachota kopo la kwanza, na ingawa Filipo alikuwa akipaza "mia tatu na sabini!", Gerson alitafuta kijiti, akasawazisha. Akalimwaga kwenye karai, akachota la pili, akasawazisha na hilo. Akakimbia na karai mikononi. Wala hakukata katikati ya mashimo, kwa sababu kukanyaga mistari ilikuwa marufuku, na marufuku aliiweka yeye mwenyewe. Akazunguka shamba zima, ukingo hadi ukingo, midomo imekauka, shati nje.

"Mia tatu tisini na sita! Saba! Shemeji, pole pole utaanguka! Nane!"

Akapiga magoti. Akamimina. Samadi ikateremka shimoni bila sauti, nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo ulioiva.

"Tisa," akasema Filipo, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Devota akafika, akainama, akachoma kijiti. Akakitoa, akakitazama, akachukua chembe kidogo ya samadi, akaivunja kwa vidole.

"Mia nne," akasema.

"Napinga!" akapaza Filipo. "Ukaguzi ulikwisha kuanza. Huyu kajaza wakati mtihani unaendelea!"

"Mzee Filipo, mimi sikagui saa, nakagua mashimo. Nimelikuta limejaa." Akamgeukia Gerson. "Na hili la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Umeitoa wapi samadi kama hii?"

Gerson akaonyesha lundo. Devota akalitazama, akamtazama yeye, akalitazama tena lundo.

"Mzee, lile lingejaza mashimo elfu na ushee. Kwa nini ulikimbia na makopo mawili?"

"Si langu," akasema Gerson, bado amepiga magoti.

Devota alitaka kuuliza zaidi, lakini Lydia alimtikisia kichwa taratibu, naye akafungua daftari, akaandika. Kisha akashusha mfuko wa mbegu ya mtama kutoka kwenye pikipiki, akauweka mikononi mwa Lydia, kwa kuwa mikono ya Gerson haikufaa kupokea kitu. Lydia akaupima uzito, akaukumbatia kifuani.

"Baba Elisante," akasema, "leo umesema."

Basi na iandikwe katika tarehe za uwanda wa kati, baada ya njaa zilizopewa majina na mvua zilizopewa majina, kwamba Jumanne ile, saa nne na dakika tano, shimo la mia nne lilijaa, kwa kipimo, kwa ruhusa, bila udongo wa udanganyifu. Na kwamba watoto wa kitongoji, hadi jua linazama, walipanda kichuguu kwa zamu na kulitangaza lile neno kwa vilima, na wazazi wao hawakuwachapa, kwa kuwa lilikuwa sasa neno la ushindi.

Jumamosi Bi Mwanne akaja mwenyewe kumwona ng'ombe mwenye jina la bidhaa. Akamzunguka, akampapasa, akakiri kwamba doa ni povu kweli. Filipo naye alikuwepo. Tangu Jumanne alikuwa hakauki pale, akiinama kwenye mashimo mtu asipomtazama.

"Sabuni yako hii hapa, Bi Mwanne," akasema Gerson, akitoa ndoo. "Haikuguswa. Ninadaiwa makopo mawili ya samadi."

"Sabuni nimepokea. Hayo mengine nimekusamehe, baba Elisante. Na tuongeze kifungu cha nne, mbele ya hawa: kuanzia leo, samadi ni ya mlishaji."

"Kuanzia leo, nimekubali. Iliyotangulia leo ni yako."

"Lundo lote lile? Nilipeleke wapi, dukani?"

"Ni lako. Kifungu hakirudi nyuma."

Lydia akafumba macho. Bi Mwanne akamtazama mwanamume yule kama mfanyabiashara anayekagua noti asiyoijua, kisha akageuza kichwa.

"Filipo, unalitaka?"

Filipo, mtu wa majivu, bingwa wa kuberega, alikwisha kukimbilia kwake kuleta toroli. Akarudi nalo likipiga kelele za gurudumu kavu, akashika beleshi.

"Subiri," akasema Gerson. "Lundo halijatimia."

Akaingia zizini, akatoka na karai aliloliandaa kwa siku nne.

"Shemeji, hiyo si ya mbuzi? Wewe ulikopa ya ng'ombe."

"Nimeongeza viganja vitatu kwa ajili ya tofauti. Bi Mwanne, unaridhia?"

"Naridhia," akasema Bi Mwanne, kanga mdomoni.

"Lakini shemeji, sasa unamwaga kwenye lundo langu!"

"Namlipa Bi Mwanne," akasema Gerson. Akajaza kopo, akasawazisha kwa kijiti, akamwaga juu ya lundo. Akajaza la pili, akasawazisha, akamwaga. Kisha akamwaga vile viganja vitatu, akakung'uta karai, na deni likawa limelipwa.